Siku Niliyoitwa Chai Fedha

Mimi nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo sitajifanya najua yanayofundishwa chuo kikuu. Lakini kuna kitu kimoja walichomfundisha mjukuu wangu ambacho nakijua vizuri, kwa sababu alikuja kukifanyia mazoezi kwenye laini yetu ya vyumba, mtaa wa Shauri Moyo, na mlango aliopitia ulikuwa wangu.

Alikuwa anasomea uchumi. Hilo ndilo somo kubwa, alinieleza. Halafu chuo kikawaambia kila mmoja achague somo la pili, la kando, naye akachagua ustawi wa jamii. Nikamuuliza ni kitu gani hicho.

"Ni kujua namna ya kusaidia watu wenye shida, shosh."

"Na hilo mnafundishwa darasani?"

"Kuna njia yake."

"Njia yake ni kwenda na sufuria."

Akacheka, nami nikacheka. Kusema kweli nilifurahi. Mama yake, binti yangu, anakaa mtaa wa Fedha, kwenye ghorofa lenye geti na mlinzi, na ukimuuliza jina la mtu wa mlango wa pili hawezi kukuambia. Nikasema moyoni, angalau huyu anarudi kule mama yake alikotoka.

Nyumba zetu ni za kanjo, yaani baraza la jiji, za tangu zamani. Marehemu mume wangu aliajiriwa na kanjo na ndiyo sababu tulipata chumba. Vyumba vimepangwa mstari, mfereji mmoja wa maji katikati, vyoo mwisho. Kuta ni nyembamba. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole. Wageni huona hiyo ni shida. Mimi nimezika mume na kulea watoto kwa kuta hizo na sijawahi kuzilaumu.

Laini ina desturi yake. Akiingia mtu asiyejulikana, mwenye viatu vya ofisi na karatasi mkononi, mwanamke wa kwanza kumwona hupaza sauti: "Jamani, nguo zinanyeshewa!" Hata jua liwe linapasua mawe. Kila mtu anaelewa. Aliyeunga stima kwa waya wa mwenzake anauchomoa. Anayefuga kuku chumbani anawafunika kwa karai. Aliyeweka mpangaji wa ziada anamtuma msalani. Yule mgeni akifika anakuta laini imetulia kama kanisa siku ya Jumatatu. Kuna siku alikuja mhubiri, maskini wa Mungu, amevaa suti na kubeba mkoba, na mwuza chapati wa kwenye kona akapiga ukelele. Milango yote ikafungwa. Yule bwana alihubiria milango mpaka shati likaloa, akamaliza kwa kumshukuru Mungu kwa usikivu wa watu wa Shauri Moyo. Mpaka leo tukimkumbuka tunashika mbavu.

Ukelele huo ni wa watu wa nje. Kwa mtu wa kwetu hatukuwa na neno.

Sasa nimtaje jirani yangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Ukuta mmoja unatutenganisha, au ulikuwa unatutenganisha. Ni mwanamke Mwislamu, umri wake na wa binti yangu hauachani sana, anauza mitumba Gikomba, nguo za watoto. Ana mtoto mmoja wa kike. Huyo mtoto alipozaliwa ubongo wake ulikosa hewa, ndivyo daktari alivyomwambia mama yake, na mpaka leo hatembei wala hasemi, na kifafa humshika. Baba yake alingoja shingo ikaze, alipoona haikazi akaenda zake. Lakini mtoto anacheka. Anacheka akisikia sufuria ikianguka, anacheka ukipiga chafya. Sijaona mtu mwingine Nairobi anayefurahi hivyo bila sababu.

Hatembei, lakini alijifunza kujiviringisha. Siku moja alijiviringisha mpaka kwenye jiko na mkono ukaungua. Tangu siku hiyo, mama yake akienda sokoni humfunga leso kiunoni, akaiunga na leso nyingine, ncha ya mwisho akaifunga kwenye mguu wa kitanda. Alipata nafasi ya kugeuka kwenye mkeka ila hakufika jikoni wala mlangoni. Na mlango haukufungwa kwa ufunguo, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Kilio cha njaa nakijua. Cha kulowa nakijua. Na kile kimya cha kifafa nakijua kuliko vyote. Uji ukiiva nampelekea, namfungua, namsafisha, nampakata, tunakaa pamoja na redio. Nikiwa sina nguo za kufua namhamishia kwangu mchana kutwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na laini nzima ilijua, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku ya kwanza mjukuu wangu kuja kwa mambo ya chuo, aliingia na pakiti ya biskuti.

"Shosh, niaje?"

"Mimi si niaje. Mimi ni nyanya yako. Salimia upya."

"Hujambo, shosh."

"Sijambo. Vua viatu."

Hatujakaa sana, mtoto akalia upande wa pili. Akauliza, "Nani huyo analia?" Nikamwambia twende. Nilimwongoza mwenyewe. Alisimama mlangoni akaangalia ile leso.

"Amefungwa?"

"Amefungwa asiungue. Ingia basi, usisimame mlangoni kama mdai."

Aliingia, akakaa kwenye mkeka na suruali yake nyeupe, na mtoto akamshika msuko wa nywele akauvuta na kucheka mpaka mate yakamtoka. Mjukuu wangu hakutoa nywele zake. Nikaona ana moyo. Mpaka leo sisemi hana.

Mama wa mtoto aliporudi kutoka Gikomba alitukuta hapo hapo.

"Huyu ndiye wa chuo? Mama, mbona hukuniambia ni mrembo hivi? Ningemwekea mtoto wa dada yangu."

"Yule anayelala mpaka adhuhuri?"

"Anapumzisha akili."

"Amechosha akili na nini?"

Tulicheka. Mjukuu wangu akaeleza kwamba mwalimu wao amewataka kila mmoja atafute familia moja, aitembelee muhula mzima, aelewe maisha yake. Jirani yangu akanitazama mimi, si yeye. Nikatikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo ruhusa aliyohitaji. Kwetu mtu akiletwa na mwenye mlango, haulizwi tena.

Basi akawa anakuja. Jirani yangu alimweleza kila kitu, habari za mume, za hospitali, za dawa zinazomlaza mtoto mpaka anasahau kumeza. Mambo mengine hata mimi wa ukutani nilikuwa siyajui. Nilikuwa nachambua sukuma wiki hapo pembeni nasikia mjukuu wangu akiuliza kwa upole, kidogo kidogo, kama anayelisha mgonjwa. Nilijivuna. Siku moja aliuliza, "Na wewe ukiwa sokoni, yeye anakaa na nani?"

Jirani yangu akajibu, "Anakaa na Mungu na nyanya yako."

Nilisikia kwa masikio yangu, na mjukuu wangu alisikia, kwa sababu aliniangalia akatabasamu.

Muhula ukiwa unaelekea mwisho akanipigia simu. "Shosh, Jumatano njoo Fedha tunywe chai na mama. Ni muda mrefu hatujakaa watatu."

"Jumatano nina mtoto."

"Si mwingine atamwangalia siku moja tu? Tafadhali, shosh. Aki tafadhali."

Huyu si mtoto wa kubembeleza. Hata alipokuwa mdogo alikuwa akitaka kitu anakichukua. Nilipomsikia akibembeleza nikadhani ana jambo, labda mchumba, labda ugonjwa, anataka kuniambia akiwa na mama yake. Nikamweleza jirani yangu. Akasema, "Nenda, mama. Hata wewe una damu yako. Mwuza chapati atampa uji." Mwuza chapati naye akakubali.

Nilivaa vizuri nikaenda. Binti yangu alikuwa ameandika meza kama ya harusi, keki, mandazi, soseji. Mjukuu wangu alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, ikamwagika kwenye sahani, akaifuta, akaimwaga tena. Hakula. Simu alikuwa ameiweka juu ya paja na kila mara anaitazama. Hakuna habari ya mchumba wala ya ugonjwa. Tuliongea bei ya vitunguu. Nilipoinuka kuaga akasema, "Kaa kidogo, shosh, bado mapema." Nikakaa. Nikainuka tena. "Shosh, onja keki hii ya pili." Binti yangu naye akanivuta mkono, "Mama, una haraka ya nini, kwani unalipwa kule?"

Halafu simu ikatetemeka. Akasoma, akaenda chooni, akakaa huko. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Sasa unaweza kwenda, shosh. Nikuitie gari?"

Lile neno "sasa" lilinipita tu kama maneno mengine. Nilikuja kulikumbuka baadaye.

Nilipofika laini hakuna aliyenisalimia. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mfereji na maji yanamwagika juu ya ndoo zilizojaa. Mwuza chapati alikuwa analia. Yeye ndiye aliyenieleza. Mwanamke kutoka ofisi ya watoto alikuja na askari mmoja asiyevaa sare. Mwanamke alikuwa amevaa jinzi na raba kama msichana anayekwenda sokoni. Na hawakuingilia kwenye kona. Walizunguka nyuma ya vyoo, njia ambayo hata fundi wa stima haijui, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango. Uji ulikuwa bado uko motoni. Walimkuta mtoto kwenye mkeka, amefungwa, amelowa, peke yake. Wakapiga picha. Mwuza chapati aliposikia kilio na kukimbia, mwanamke alikuwa kwenye simu akisema, "Ndiyo, ni vilevile mwanafunzi alivyoeleza." Mtoto alifunguliwa ile leso, akafungwa kwenye shuka yao, akabebwa. Mama yake aliitwa Gikomba akaja mbio, na mfuko wa nguo za watoto begani. Alikuta mkeka.

Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti. Hakuwa analia. Aliniangalia kuanzia viatu vyangu vya Jumapili mpaka kitambaa cha kichwa.

"Mama," akasema, "chai ilikuwa tamu?"

"Mwanangu, Mungu ananiona, mimi sikujua."

"Kila siku upo. Mvua upo, jua upo. Ukiumwa upo. Siku wanakuja, haupo."

"Sikujua."

"Na njia ya vyoo waliota?"

Akainuka akaingia ndani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale nikasikia ufunguo ukizunguka.

Asubuhi nilirudi Fedha. Mlinzi wa geti alitaka niandike jina, nikamwambia aandike mwenyewe, mimi nina hasira. Mjukuu wangu alikuwa bado amevaa nguo za kulalia. Sikukaa.

"Ulijua watakuja?"

"Nilijua."

"Ndiyo maana uliniita."

"Shosh, nilikuwa nakulinda. Ungekuwepo ungepiga kelele."

"Ningepiga."

"Na askari angekushika kwa kuzuia kazi. Ndiyo maana nikakutoa." Alikuwa ameyapanga maneno. "Mwalimu alisema nikijua mtoto amefungwa na ninyamaze, mimi pia nina kosa. Yule mtoto amefungwa kwa kitanda, shosh. Jiko liko hapo. Kifafa kikimshika akiwa peke yake je?"

"Sikatai. Hilo jambo lilitakiwa kutazamwa. Lakini ungekuja kwangu kwanza useme, shosh, chuo kimenibana. Tungemwita mama yake tukae."

"Ungekataa."

"Labda ningekataa. Angalau ungekuwa umenikosea uso kwa uso."

Ndipo nikauliza lile lililokuwa limenikosesha usingizi.

"Uliwaambia mtoto anakaa na nani?"

Akaanza kufungua na kufunga kifungo cha nguo yake ya kulalia.

"Uliuliza, ukajibiwa, mimi nikiwa hapo nachambua mboga. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia huachwa peke yake."

"Na mimi?"

"Nilikutoa, shosh. Ningekutaja, wangesema na wewe ulikuwa unamfunga. Sikutaka uingie."

Kwa hivyo alinitoa mara mbili. Alinitoa kwenye maelezo ili mtoto aonekane hana mtu, halafu akanitoa kwenye laini ili wakija wakute kweli hana mtu. Na huyo mtoto hajawahi kuachwa peke yake siku moja mpaka siku ile.

Binti yangu akasema kutoka jikoni, "Mama, alikuwa anafikiria jina lako."

"Jina langu? Kule laini sasa hivi jina langu ni lipi?"

Nikamwambia mjukuu wangu avae, twende ofisi ya watoto, aseme kwa mdomo wake kwamba kulikuwa na mtu. Akashika kichwa. Akisema hivyo, mwalimu atajua alificha kitu, na kazi nzima ya muhula itaanguka.

"Na mtoto wa watu je?"

"Ataangaliwa vizuri, shosh. Ni mahali pazuri."

"Umepaona?"

Hakuwa amepaona. Mwishowe aliahidi. Jumatatu asubuhi tukutane kituoni, twende pamoja. Alinishika mikono yote miwili akisema.

Jumatatu nilisimama kituoni mpaka wauza magazeti wakamaliza magazeti yao. Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena nikiwa najua. Kuna kijana wa kuuza karanga aliniambia, "Mathe, huyo amekuruka, haji." Nikamwambia afunge mdomo auze karanga, lakini alisema kweli.

Nilikwenda peke yangu. Yule mwanamke wa ofisi ya watoto nilimtambua kwa raba. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, lakini alikuwa msichana aliyechoka tu, na watu wamejaa kwenye benchi mpaka nje, na alinipa kiti chake akakaa juu ya meza. Nilimweleza yote, ukuta, uji, kifafa.

"Wewe ni nani wa mtoto, mama?"

"Jirani."

"Si ndugu?"

"Ukuta mmoja."

"Mama, kwa maelezo tuliyopewa hakuna mtu mwingine."

"Mtu mwingine ndiye huyu umempa kiti."

Akasema ananiamini. Akasema pia kuaminiwa hakutoshi. Kama aliyetoa maelezo angekuja kuyarekebisha ingesaidia, je, namjua? Nikasema namjua. Akasema hata hivyo jirani hahesabiwi, jirani anaweza kuhama kesho. Mama wa mtoto akimleta ndugu wa damu anayeshinda nyumbani mchana, wataanza mipango ya kumrudisha. Nilimuuliza kama ningeweza kumwona mtoto nikiwa hapo. Hakuwa hapo, na mahali alipo wanaruhusiwa ndugu tu.

Maneno hayo nilimpa mwuza chapati ayapeleke mlango wa pili, kwa kuwa mimi nikibisha nilikuwa sifunguliwi. Kupitia ukuta nilisikia yakifikishwa. Jirani yangu ana dada Dandora, mshonaji, anayefanya kazi nyumbani kwake. Yule mwenye mtoto wa kulala mpaka adhuhuri. Haikupita muda akaanza kufunga vitu.

Siku ya kuhama ilikuja pikapu, wanawake wote wakatoka kubeba. Nami nikatoka. Nilishika ncha ya godoro. Akaniambia, bila ukali wowote, "Tumetosha, mama." Nikaiachia. Nilisimama hapo na mikono yangu nikitazama vyombo ninavyovijua kimoja kimoja vikipita, mpaka ile sufuria ya uji ambayo kusema kweli ilikuwa yangu.

Mtoto alirudishwa kwa mama yake, huko Dandora. Nilisikia kwa mwuza chapati. Alirudi amekonda na amenyolewa nywele zote, lakini alirudi. Hafungwi tena, kwa sababu mama mdogo wake anashinda naye, cherehani iko hapo hapo na mtoto yuko miguuni pake akisikiliza inavyolia.

Chuo kilipofunga mjukuu wangu akaja kuniona. Nilimfungulia. Hakusema niaje.

"Nimepita, shosh. Ile ya ustawi wa jamii ndiyo nimepata alama nzuri kuliko zote." Alisema kwa sauti ya chini, kama anayesema kitu ambacho hakikwepeki.

"Hongera."

"Nasikia mtoto yuko sawa. Hafungwi. Ana ndugu anayekaa naye. Si hilo ndilo sote tulitaka?"

"Mtoto kutofungwa nimefurahi. Sikudanganyi. Pengine wewe uliona kitu tulichokuwa tumezoea mpaka hatukioni. Hilo ni lako, lichukue."

"Sasa mbona bado umenikasirikia?"

"Jumatatu simu yako ilikuwa imezimwa."

Akainamisha kichwa. "Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi nilikuwa nimesimama kituoni."

Alianza kulia. Nilimwacha alie, kulia hakuui mtu. Kisha akasema anaomba msamaha. Nikamwambia msamaha huo apeleke Dandora kwanza, akishaupeleka ndipo aje kwangu. Akasema hajui ataanzia wapi. Nikamwambia si anasomea? Nilijua neno hilo ni kali na nililisema kwa makusudi. Nilimpakulia chakula, akala, akaosha sahani, akaenda. Bado hajakwenda Dandora. Huwa namuuliza kila akipiga simu, na kila mara kuna mtihani.

Mimi nilikwenda. Niliuliza uliza mpaka nikapata nyumba, karibu na mahali magari ya takataka yanapopita, na cherehani ilinionyesha mlango. Mtoto alikuwa kwenye mkeka. Nilipokohoa tu kabla ya kubisha, akacheka. Nilisikia kicheko kile nikiwa bado nje, ndipo nikabisha.

Mama yake alitoka. Alinisalimia vizuri sana. "Karibu, mama. Karibu kiti." Akapangusa kiti kwa mkono, akaniweka karibu na mlango. Miaka yote ya Shauri Moyo sijawahi kukaa kwenye kiti kwa huyo mwanamke. Nilikuwa naingia, nafunua sufuria, nauliza kwa nini chumvi kidogo. Sasa nilikuwa nimekaa na mkoba mapajani. Nilitaka kumpakata mtoto, nikamtazama mama yake kwanza. Akasema, "Ametoka tu kula, mama, atakutapikia." Basi sikumpakata. Nilimshika kidole cha mguu.

Tuliongea habari za Gikomba, za mvua, za cherehani. Nilijaribu kusema nilichoenda kusema, kwamba sikujua, kwamba nilidanganywa na damu yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, mama," akasema. "Mwuza chapati alinieleza. Mimi sina neno na wewe." Na nadhani kweli hakuwa na neno.

Halafu akamtuma mtoto wa dada yake dukani. Akaletewa soda, akaifungua, akaitia kwenye gilasi, akaiweka kwenye kistuli mbele yangu juu ya kitambaa. Akauliza ninarudi saa ngapi, ili nisije nikapata msongamano.

Niliinywa yote. Mtoto alikuwa ananitazama.